Ushuhuda wa Wenzi wa Darasani

Kila mwaka vijana wetu huagana shuleni mara mbili. Wale wa kidato cha sita hufanya mtihani wao wa mwisho mwezi wa Mei, na wale wa kidato cha nne mwezi wa Novemba. Lakini sherehe ya kuwaaga, yaani mahafali, haingoji mtihani. Mara nyingi hufanywa majuma kadhaa mbele, wakati vijana wote wangali bwenini, na hakuna ajuaye nani atafaulu na nani ataanguka.

Wazazi wengi hulishangaa jambo hili. Baba mmoja aliniuliza, "Tangu lini watu wakacheza ngoma ya mavuno na mahindi yangali shambani?" Swali lake ni la haki, na wengi wenu mnalo moyoni hata kama hamkulitamka. Mimi nasema ni vema sherehe itangulie. Nitawaeleza sababu yangu, nanyi mtaipima wenyewe.

SIKU YENYEWE

Kama umewahi kwenda mahafali ya shule ya wavulana huku pembezoni mwa Dar es Salaam, wajua mambo yanavyokwenda. Turubai limefungwa uwanjani tangu jana yake. Wazazi wametoka mbali: wengine wamelala kwa ndugu zao Mbagala au Tandika, wengine wamepanda daladala alfajiri kutoka Kinondoni na Tegeta, na wa vijijini wamefika na kuku wa kufungwa miguu na chupa ya asali kwa ajili ya mwalimu wa darasa. Vijana wamepiga pasi mashati yao. Mgeni rasmi amechelewa. Kwaya inaimba, ngonjera inafuata, kisha vijana wanaigiza namna walimu wao wanavyotembea na kukohoa, na walimu wenyewe wanacheka kuliko watu wote.

Halafu inasomwa risala ya wahitimu. Risala hutaja walianza wangapi na wamebaki wangapi. Hutaja upungufu wa maji, wa vitanda na wa vifaa vya maabara. Nayo humwomba mgeni rasmi asiondoke bila kuacha neno. Mgeni rasmi huahidi matangi na saruji, watu hupiga makofi, chakula huliwa, picha hupigwa, na jioni wazazi hurudi kwenye magari.

Hiyo ndiyo sherehe yetu sisi watu wazima. Sherehe ya vijana wenyewe huja usiku, wageni wakiisha kwenda zao. Hapo ndipo madaftari hutoka chini ya magodoro.

DAFTARI LA KUMBUKUMBU

Msomaji uliyesoma miaka ya nyuma hakika unalikumbuka daftari hilo. Kila kijana alitoa daftari moja safi, akalipitisha kwa wenzake, na kila mwenzake akaandika ukurasa mmoja: jina lake, jina lake la utani, kijiji chake, anwani yake, kisha maneno ya kumkumbuka mwenye daftari. Wengi hawakuwa na anwani ya kwao, hivyo waliandika Sanduku la Posta la parokia, kwa mkono wa Paroko. Sisi makarani wa parokia twajua vema habari hizo. Kabla ya simu za mkononi kuenea, barua za vijana wa shule zilifika ofisini kwa mafungu, na majina yakasomwa nje ya kanisa baada ya Misa ya Jumapili. Mama aliyesikia jina la mwanawe alipita katikati ya watu kama aliyeitwa kupokea tuzo.

Siku hizi vijana wana simu, nao hutiana katika makundi ya simu na kupelekeana picha. Wengine huandikiana kwa kalamu juu ya mashati, siku ya mtihani wa mwisho. Shati hufuliwa, na simu huibwa au huharibika. Lakini shule nyingine bado zina madaftari, nami kwa kazi yangu nimepata kuyaona mengi. Kijana huja ofisini kuchukua nakala ya cheti chake cha ubatizo, naye amelishika daftari mkononi. Akiwa na imani nami, hunipa nisome huku nikimtafutia jina lake kitabuni. Nilisoma chuo cha ualimu kabla ya kushika kazi hii, na jicho la mwalimu halizeeki: husoma kila kinachopita mbele yake.

Basi, vijana huandika nini juu ya wenzao? Wewe mzazi utadhani wanaandika, "Huyu alikuwa wa kwanza darasani," au, "Huyu alikuwa hodari wa hesabu." Maneno hayo yamo, lakini ni machache sana. Sikiliza yale niliyoyaona mimi, ambayo nayaeleza kwa ruhusa ya wenyewe na bila kutaja jina la mtu wala la shule.

Mmoja aliandikiwa kwamba alikata mche wake wa sabuni kwa uzi, vipande sita vilivyo sawa, akawapa wenzake watano ambao hawakuwa na kitu, nao wakafua sare zao kabla ya ukaguzi. Mwingine aliandikiwa kwamba usiku wa mvua kubwa alimbeba mgonjwa wa malaria mgongoni mpaka zahanati, na kesho yake hakumweleza mtu. Mwingine alikumbukwa kwa sababu aliamka saa kumi alfajiri kuchota maji, akajaza ndoo ya mwenzake aliyevunjika mkono, kila siku kwa majuma sita. Mwingine aliandikiwa neno moja tu la sifa: kwamba katika miaka minne hakuna aliyemsikia akimcheka mtu aliyekosea Kiingereza katika mdahalo.

Yamo pia maneno machungu. Kijana mmoja alimwandikia jirani yake wa kitanda hivi: shuka langu lililopotea kidato cha pili ulilichukua wewe, nami nilijua tangu siku ile, nimekusamehe, tuagane salama. Mwenye daftari aliponionyesha ukurasa huo sikumwuliza neno. Yeye mwenyewe aliniambia kwamba alikwenda sokoni akanunua shuka jipya, akalitandika juu ya kitanda cha mwenzake kabla hawajaondoka. Je, ni mahubiri mangapi yangefanya kazi hiyo?

MLIMA WA PUGU

Huku kwetu hakuna mahali panapotufundisha jambo hili kuliko Pugu. Ukitoka mjini kwa barabara ya uwanja wa ndege, ukapita Gongo la Mboto, unaanza kupanda vilima vyenye msitu. Pugu iko zaidi ya kilometa 20 kutoka katikati ya mji. Mwaka 1888 Wabenediktini wa kwanza kutoka Ujerumani walianzisha misheni yao huko. Haukupita muda mrefu, katika vita vya Abushiri, tarehe 13 Januari 1889, misheni ilishambuliwa. Mabruda wawili na sista mmoja waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka na baadaye wakakombolewa. Mahali pale palipoanza kwa damu ndipo baadaye ikasimama shule ya wavulana iliyoitwa St. Francis' College.

Katika shule hiyo, mwaka 1953, alikuja kufundisha kijana aliyetoka masomoni Edinburgh. Jina lake Julius Nyerere. Mwaka huohuo alichaguliwa kuwa rais wa chama cha TAA, na tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kikazaliwa. Siku za kazi alifundisha. Siku za mapumziko alishuka mjini kwa ajili ya mikutano. Mwezi wa Machi 1955 alikwenda New York kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi ilimpasa kuchagua, maana kazi ya shule na kazi ya chama hazikuweza tena kukaa pamoja. Akaacha ualimu, akaacha na mshahara wake.

Tazama sasa, msomaji. Mtu yule alipata kuwa Waziri Mkuu, akawa Rais, akaongoza nchi mpaka mwaka 1985. Alipewa vyeo vingi na heshima nyingi. Lakini jina lililomshika mpaka alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999 ni lile la darasani: Mwalimu. Yeye mwenyewe alipenda kusema kwamba ualimu aliuchagua, bali siasa ilimjia kwa ajali.

Mwaka uleule Nyerere alioondoka Pugu, yaani 1955, aliingia hapo mvulana kutoka Lupaso, kijiji cha Masasi, ambaye alikuwa amepitia Ndanda na Kigonsera. Huyo ni Benjamin Mkapa. Alikaa Pugu mpaka 1956, kisha akaenda Makerere. Mwaka 1995 akawa Rais wa Tanzania, akaongoza miaka kumi. Alifariki mwezi wa Julai 2020, akazikwa kwao Lupaso. Kabla ya kufariki, mwaka 2019, alitoa kitabu cha kumbukumbu za maisha yake, na miaka ya shule ina nafasi yake humo.

Fikiri kidogo habari za wavulana walioketi na Mkapa benchi moja mwaka 1956. Kama mmoja wao aliandika ukurasa wa kumuaga, hakuandika, "Kwa heri, Rais wa Awamu ya Tatu." Hakujua. Aliandika juu ya kijana wa Lupaso jinsi alivyokuwa siku hiyo, kwa matendo aliyomwona akiyatenda. Ndiyo sababu ushuhuda wa namna hiyo una thamani. Anayekuandika haoni cheo chako, maana hakijaja. Anakuona wewe.

Shule ile haiko tena mikononi mwa misheni. Baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule za mashirika ya dini zilichukuliwa na Serikali, na Pugu ikawa miongoni mwao. Jirani yake, Minaki, iliyokuwa shule ya Waanglikana, nayo leo ni ya Serikali. Majengo yamebadilika wenyewe, walimu wamepokezana, lakini vijana wanaendelea kupanda mlima na kushuka, na kila kundi likishuka linaacha habari zake kwa wenzao.

CHETI KINASEMA NINI

Sasa turudi kwenye lile swali la ngoma ya mavuno.

Matokeo ya mtihani hutolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Zamani mitihani ya sekondari ilitoka Cambridge, Uingereza. Wazazi wengi wa vijijini huja ofisini na karatasi ya matokeo wakitaka wasomewe, basi na niwaeleze hapa. Kwa kidato cha nne huhesabiwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, na pointi chache ndizo bora. Daraja la kwanza ni pointi 7 mpaka 17. La pili 18 mpaka 21. La tatu 22 mpaka 25. La nne 26 mpaka 33. Na mwenye 34 au 35 amepata sifuri. Kwa kidato cha sita huhesabiwa masomo matatu, na daraja la kwanza ni pointi 3 mpaka 9. Kwa hiyo usimpige kijana aliyekuambia amepata pointi 9, ukamsifu jirani yake aliyepata 30!

Karatasi hiyo ni ya kweli, nami sisemi tuidharau. Inasema kijana alijibu nini siku zile chache za mtihani. Lakini haisemi aliishije siku zaidi ya elfu moja alizokaa shuleni. Shule nayo humpa hati ya kumaliza masomo yenye nafasi ya tabia, na mara nyingi nafasi hiyo hujazwa kwa neno moja: nzuri. Mwalimu mwenye vijana mia mbili ataandika nini zaidi? Hakulala nao bwenini. Hakuona nani aligawa sabuni.

Wenzake ndio walioona. Walimwona akiwa na njaa, akiwa na hasira, akiwa hana nauli ya kurudi likizo, akiwa kiranja mwenye madaraka juu ya wadogo. Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Na bweni la wavulana lina dhiki za kutosha kupimia watu. Kanisa nalo latufundisha vivyo hivyo. Mwalimu Nyerere huitwa Mtumishi wa Mungu tangu mwaka 2005, na shauri lake lilifunguliwa katika Jimbo la Musoma. Katika shauri kama hilo Kanisa haliridhiki na vyeti wala vyeo. Hutafuta mashahidi waliomjua mtu, na kuwauliza aliishije.

Hii ndiyo sababu nasema mahafali yatangulie mtihani. Matokeo yakiisha kutoka, macho yetu hupofuka. Aliyepata daraja la kwanza tunamwona mwema kwa kila jambo. Aliyepata sifuri tunamwona hana jema. Wenzake wanaoandika kabla ya matokeo hawajapofuka bado.

BABA WA MKURANGA

Nitakutolea mfano mmoja. Mzee mmoja wa upande wa Mkuranga alikuja ofisini kwetu na mwanawe, mwaka mmoja baada ya matokeo ya kidato cha nne. Kijana alikuwa amepata sifuri. Mzee alikuwa ameuza korosho zake misimu minne kwa ajili ya mahitaji ya kijana huyo. Alisema mbele yetu, kwa sauti ya mtu aliyechoka na si ya mtu mwenye hasira, kwamba miaka minne imekwenda na maji. Alitaka cheti cha ubatizo ili kijana aandikwe kibarua mahali fulani, basi, yaishe.

Kijana alikuwa na daftari lake ndani ya mfuko wa nailoni. Paroko aliliomba, akaanza kulisoma kwa sauti, maana mzee hakuwa na miwani. Ukurasa wa kwanza: wewe ndiwe uliyetengeneza kitasa cha bweni letu. Wa pili: taa ya chumba cha kusomea ilipokufa, tulikuita wewe kabla ya kumwita fundi. Wa tatu: ulinitengenezea redio ya marehemu babu yangu, hukutaka hata shilingi. Wa nne, wa tano, na kuendelea. Vijana kumi na mmoja, bila kuulizana, walikuwa wameandika habari ileile: mikono ya kijana huyu inajua kutengeneza vitu.

Mzee alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akamwuliza mwanawe, "Kwa nini hukuniambia?" Kijana akajibu, "Baba, hukuniuliza ila habari za mitihani."

Hawakuchukua kibarua. Baada ya kuuliza huku na huku, kijana aliandikishwa kusomea umeme katika chuo cha VETA, Chang'ombe, huko Temeke. Leo anafanya kazi ya kutia umeme majumbani na anawalisha wadogo zake. Sisemi kwamba kila aliyeanguka mtihani ni fundi aliyefichika. Kusema hivyo ni kuwadanganya wazazi. Nasema tu kwamba wapo watu walioyajua mambo ya kijana huyo miaka minne, nao waliyaandika, na karatasi ile ilikaa mfukoni mwaka mzima bila kusomwa na aliyeihitaji.

ALIYEONDOKA KABLA YA WENZAKE

Nilisema kwamba risala hutaja walianza wangapi na wamebaki wangapi. Mgeni rasmi husikia hesabu hiyo, akaitikia kwa kichwa, na risala ikaendelea. Wale waliopungua ni akina nani? Wengine walihamishwa. Wengine waliugua. Wengine walikosa nauli, viatu na godoro. Ada katika shule za Serikali iliondolewa mpaka kidato cha nne mwaka 2016, na kwa kidato cha tano na cha sita mwaka 2022, nalo ni jambo la kushukuru. Lakini mtoto haendi shule kwa miguu mitupu wala halali juu ya saruji. Na wengine, Mungu awalaze mahali pema, walifariki.

Katika shule moja nilisikia wahitimu wamefanya jambo ambalo ningependa liigwe. Mwenzao mmoja aliacha shule kidato cha tatu baada ya baba yake kufa, akarudi pwani kuvua samaki ili mama na wadogo wapate kula. Wakati wa kuandikiana, mtu mmoja alisema, "Na yule je?" Wakanunua daftari kwa mchango, wakaandika jina lake juu ya jalada, kila mmoja akamwandikia ukurasa kama kwamba alikuwapo. Wawili wakalipeleka mpaka kwao. Walimkuta pwani akirekebisha nyavu. Alilisoma akiwa amesimama, akalifunga, akaenda kulificha nyumbani lisilowe, ndipo akarudi kuwasalimu sawasawa.

Kwa maneno ya ofisi kijana huyo si mhitimu. Hana cheti. Lakini kuna kundi la vijana ambao hesabu yao haikamiliki bila yeye, na sasa analijua jambo hilo kwa maandishi. Nalo si dogo. Mtu aliyekatika njiani huamini upesi kwamba amesahauliwa, na anayeamini amesahauliwa hufanya mambo mengi ya kujiharibia.

Vivyo hivyo kwa wale waliofariki. Jina la kijana aliyekufa kidato cha pili litajwe siku ya mahafali, na wenzake wasimame kimya kidogo. Mama yake akialikwa, na aalikwe. Atalia, ndiyo, lakini atarudi nyumbani akijua mwanawe alikuwa na wenzi.

MAJINA YA UTANI

Hapa panahitaji onyo. Wavulana wakikaa pamoja hupeana majina. Jina jema la utani ni kama nguo ya nyumbani: linamkaa mtu, naye hulivaa kwa furaha hata akiwa mzee. Najua mababu wanaoitana kwa majina ya shuleni mpaka leo, na mmoja wao akifa yule mwingine hulilia jina hilo.

Lakini jina linalotokana na kilema, na ngozi, na umaskini wa kwao, au na makosa ya baba yake, hilo si utani. Ni kidonda. Kulitia katika daftari la kumuaga ni kumpa mtu kidonda cha kwenda nacho nyumbani, kwa wino. Viranja na walimu walezi walitazame jambo hili. Nanyi vijana wa TYCS mnaosali pamoja na kufanya matendo ya huruma pamoja, hili nalo ni tendo la huruma: mwulizeni mwenzenu kwanza kama jina hilo analipenda.

MFANYE NINI?

Kwa vijana mnaoagana mwaka huu, nawapa mashauri machache.

Kwanza, andika tendo moja ulilolishuhudia kwa macho yako. Usiandike, "Ulikuwa mtu mwema sana". Hilo laweza kuandikiwa mtu yeyote. Andika alifanya nini, wapi, na siku gani. Pili, kama mna deni la moyo, lipatanisheni kwa mdomo kabla ya kuandika. Tatu, msimsahau yule mkimya wa kitanda cha mwisho, ambaye daftari lake hurudi tupu. Mwombeni ninyi wenyewe mumwandikie. Nne, tia jina lako kamili na mahali unapopatikana, maana wa kidato cha sita wengi wenu mtakwenda kambi za JKT, na baada ya hapo mtatawanyika kama kunde zilizomwagika.

Kwa walimu: toeni saa moja ya darasani kwa kazi hii. Ni zoezi jema la insha kuliko mengi tunayowapa, na mtayajua mambo ya vijana wenu ambayo hamkuyajua.

Na kwa ninyi wazazi, neno langu ni fupi. Kijana akirudi na sanduku lake, usianze na swali la mtihani ulikuwaje. Matokeo yatakuja kwa wakati wake, nawe huwezi kuyaharakisha. Mpe maji ya kuoga, mpe chakula, kisha mwambie akusomee wenzake wamesema nini juu yake. Kama hana daftari, mwulize: nani alikusaidia, nawe ulimsaidia nani? Msikilize mpaka mwisho bila kumkatiza.

Ukisikia jema, lishike na ulikuze, maana hilo ndilo shamba lililoota tayari. Ukisikia baya, shukuru kwamba umelisikia angali kijana, akiwa mbele yako, na bado mna siku za kulitengeneza pamoja.